Mfuniko wa Sufuria ya Avit

Watoto wa darasa la sita walirudi Kagoma jioni wakiwa wameloa mvua, wanaimba, na midomo yao haina breki. Siku hiyo walikuwa wameingoja tangu Februari, tangu mwalimu mkuu alipobandika ukutani tangazo la rangi kutoka Makumbusho ya Viumbe ya Bukoba. Masika Makumbushoni, lilisema, kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei: vyura na konokono, kumbikumbi na kichuguu chao kilichopasuliwa katikati, uyoga wa mvua, ndege wanaohama, na katika ukumbi mkubwa, kwa mara ya kwanza, Mamba wa Ziwa Letu. Wazazi walichanga nauli, wengine kwa kunung'unika, na watoto wakaenda.

Basi ukipita kijijini jioni ile ungesikia mamba kila nyumba. Mamba mrefu kuliko mlango wa kanisa! Mamba ana meno kama vigingi vya mbuzi! Mamba amekaushwa lakini macho yake yanakufuata! Nyumba moja tu ndiyo iliyokuwa kimya, nyumba ya Clavery, na kimya chake hakikuwa cha heri.

Clavery alikuwa kibanjani, shamba la migomba la nyumbani, anapunguza majani makavu, binti yake Dativa alipomfuata na daftari mkononi. Hakuvua hata sare. Alisimama hatua chache, akasema mwalimu aliwaambia kila mtu achore kitu kimoja alichokiona, yeye amechora hiki. Wenzake walichora mamba, wachache walichora vyura. Clavery alijipangusa mikono kwenye suruali, akalipokea daftari.

Mtoto alikuwa na mkono mzuri wa kuchora, na siku hiyo ingekuwa heri asingekuwa nao. Lilikuwa bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda. La mraba, pembe moja imebonyea. Ulimi wake wa asili ulikuwa umekatika zamani, na mahali pake mtu alikuwa ametia kipande cha spoki ya baiskeli, akakizungusha mara tatu kwenye chuma, kisha ncha akaikunja ndani isichome tumbo. Dativa alikuwa amezichora zile pete tatu moja moja, na ncha ikiwa imefichwa. Clavery hakuhitaji kuambiwa ni nini. Mtu hasahau kazi ya mikono yake mwenyewe.

Akauliza limewekwa wapi.

"Kwenye kabati la kioo, chini ya mamba," Dativa alisema. "Wameandika, vitu vilivyokutwa tumboni." Kisha akamtazama baba yake. "Tata, si ni la kaka?"

Clavery alilifunga daftari. Alimwambia binti yake kwa sauti ya chini kwamba picha hiyo mama yake asiione kwanza, wangezungumza baadaye, mambo mengine yanataka utaratibu.

"Ameshaiona," Dativa alisema.

*

Annastella alikuwa jikoni anamenya ndizi. Hakuinua kichwa mumewe alipoingia, wala kisu hakikusimama. Pembeni ya mafiga ilikuwapo sufuria ndogo yenye mfuniko, na habari ya sufuria hiyo lazima niiseme, maana bila hiyo huwezi kuelewa kilichofuata.

Mtoto wao wa kwanza, Avit, aliteremka mwaloni, pale ziwani mitumbwi inapotua, mwezi wa Agosti na baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi, akawauzie wavuvi. Baiskeli ilikutwa imeegemea jiwe, mikungu imefungwa vilevile. Ndala zilikutwa kwenye maji ya magotini. Avit hakuonekana, mzima wala maiti. Tangu siku hiyo, kila jioni Annastella alipakua sehemu ya Avit kabla ya kumpakulia mtu mwingine yeyote, akaitia katika sufuria ndogo, akaifunika. Kijana akirudi atarudi na njaa, alisema. Ule mfuniko nao kishikio chake kilikatika miaka iliyopita, na Clavery alikitengeneza kwa kipande kilichobaki cha ile ile spoki, pete tatu, ncha imefichwa. Asubuhi chakula hakikuwa kimeguswa na mtu. Na kwa kuwa chakula hakitupwi, Clavery ndiye aliyekila, amesimama, kabla ya kwenda shambani.

Kwa miezi minane alikula kiporo cha mwanawe.

"Baba Avit," Annastella alisema, bado anamenya. "Siku ile ulipoitwa wilayani, Muleba, na watu wa wanyamapori, walikuonyesha nini?"

Aliporudi siku ile, Clavery alimwambia mkewe kwamba mamba aliyepigwa risasi hakuwa na kitu tumboni ila mifupa ya samaki na kiatu cha mtu mwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa alikaa kwenye kigoda, akayasema yote.

Waliitwa watu wa familia tatu, kwa sababu mwaka ule watu watatu walikuwa wamepotelea ufuko ule. Juu ya meza kulikuwa na sinia la bati, na juu ya sinia vifungo viwili, kipande cha ndala, na bizimu. Wale wawili wengine walitazama wakatikisa vichwa. Zamu yake ilipofika, bizimu lilikuwa linamtazama usoni. Ofisa alimuuliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayejua anachokiuliza. Clavery akasema, hapana, si la mwanangu. Akapewa karatasi, akatia sahihi, mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni.

Ukimhukumu, mhukumu taratibu. Kwao, ukishapokea kitu cha mtu aliyepotea umeupokea msiba wake. Siku hiyo hiyo inabidi utangaze, majirani waweke majembe chini, nyasi zitandazwe sebuleni watu wakae. Na pasipo na maiti, hukatwa mgomba ukavishwa sanda, ukazikwa kibanjani mahali pa mtu. Hapo ndipo palipomtisha Clavery. Maana wazee walisema ukizika mgomba na mwenyewe yuko hai mahali fulani, umemfungia njia. Hata akitaka kurudi, nyumba haitamwona. Alikuwapo mtu wa Ngenge, wakasimulia, aliyezikiwa mgomba akarudi kutoka visiwani baada ya miaka sita, akafa kabla mwezi haujaisha. Clavery alijiambia mkanda unaweza kumvuka mtu. Mamba anaweza kuuma mkanda na mtu akaogelea. Vijana wangapi wameingia kwenye mtumbwi wakaenda Uganda bila kuaga? Alijua anajidanganya, na alijidanganya vizuri.

"Nilitaka nimwachie njia wazi," alisema.

Annastella aliweka kisu chini. Alikuwa mwanamke mpole, mtu wa jumuiya na kwaya, na katika miaka ishirini na minne ya ndoa hakuwahi kumtazama mumewe kama alivyomtazama sasa.

"Njia ulimwachia yeye. Mimi ulinifungia," alisema. "Miezi minane sijalia, Baba Avit. Nakutana na watu njiani hawajui wanipe pole au wanisalimie. Padri nimemwomba misa, ananiuliza, ya kumwombea marehemu au ya kumwombea msafiri? Nikakosa jibu. Na wewe jibu ulikuwa nalo." Akaitazama sufuria ndogo. "Halafu ulikuwa unakila. Kila asubuhi ulikuwa unakila."

Jioni ile Annastella hakupakua chakula cha Avit, wala cha Clavery. Dativa ndiye aliyempakulia baba yake.

*

Jumanne walikwenda Bukoba, wamevaa nguo za kanisani. Annastella alikuwa amefunga kitu katika kitenge, amekibana kwapani njia nzima, na mumewe hakuthubutu kuuliza.

Makumbusho yalikuwa ni jengo refu la bati jekundu, limepakwa rangi upya, na mlangoni kuna meza. Mhudumu aliyekaa hapo, msichana wa hijabu ya bluu aliyeitwa Maimuna, aliwapokea kwa shikamoo na tabasamu, akasema watu wazima wawili ni shilingi elfu nne, na kama wangependa, Jumamosi kuna kipindi cha vyura, watu wanasikilizishwa sauti za kila aina ya chura wa Kagera. Clavery alimweleza kwamba hawakuja kutazama. Wamekuja kuchukua kitu chao.

"Sawa baba yangu, lakini hata hivyo mlangoni ni tiketi," Maimuna alisema, na alikuwa anasema kweli, ndiyo kazi aliyopewa.

Clavery alitoa elfu nne. Hebu fikiri, mtu analipa kiingilio kwenda kumwona mwanawe. Kila tiketi ilikuwa na picha ya mamba amefungua kinywa. Annastella aliipokea ya kwake, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya blauzi mahali anapoweka fedha.

Ndani palikuwa na furaha, na hilo ndilo lililouma zaidi. Watoto wa shule nyingine walikuwa wameinama juu ya beseni za viluwiluwi. Wengine walishindanisha konokono juu ya ubao. Ukuta mmoja ulikuwa wa kumbikumbi, na bibi mmoja aliyekuja na wajukuu alikuwa anawaeleza wanavyokaangwa, kwa ufundi kuliko maelezo yaliyoandikwa. Siku nyingine Annastella angesimama pale akacheka naye. Alipita kama mtu anayepita sokoni na homa.

Mamba alilala ukumbi mkubwa juu ya jukwaa la mbao, amepakwa mafuta anang'aa. Mbele yake walisimama wanafunzi kama arobaini, na mwongoza wageni, dada mmoja mchangamfu mwenye kipaza sauti, alikuwa amefika kwenye kabati la kioo. Aliwauliza wanafunzi kwa nini chuma hakikusagika tumboni mwa mamba. Mikono ikapanda juu. Mmoja akasema kwa sababu mamba hatafuni, anameza. Wakampigia makofi.

Wanafunzi walipohama, mume na mke wakasogea. Vifungo viwili. Kipande cha ndala. Bizimu, limesafishwa kwa dawa, linameta kuliko lilivyometa siku liliponunuliwa. Chini yake kikaratasi, na Annastella, ambaye macho yake hayakuwa mazuri, alimwambia mumewe amsomee.

Clavery alisoma kwa sauti. "Bizimu la mkanda. Ulimi umetengenezwa upya kwa spoki ya baiskeli. Mfano mzuri wa ubunifu wa wananchi wetu." Akaishia hapo.

"Malizia."

"Mwenyewe hajulikani."

Hapo Annastella alifungua kitenge. Ulikuwa ni mfuniko wa sufuria ndogo, mweusi kwa moshi upande mmoja. Aliuweka juu ya kioo, kishikio kikatazamana na bizimu. Pete tatu huku, pete tatu kule. Ncha imefichwa huku, ncha imefichwa kule. Mtoto wa chekechea angeona ni mkono mmoja.

"Mwenyewe anajulikana," alisema, si kwa kelele, lakini ukumbi ule una mwangwi, na wanafunzi wote waligeuka. Mwongoza wageni akazima kipaza sauti. Macho ya Annastella yalikuwa makavu. Kwao mtu halii kabla msiba haujatangazwa, ni kama kumwita mwizi kabla mlango haujavunjwa, na yeye alikuwa amezuia kwa muda mrefu hata uso ulikuwa umekakamaa.

*

Mkuu wa makumbusho, Bwana Najibu, hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, wangepata wa kumlaumu. Aliwapa viti, akaagiza chai, akatuma kabati lifungwe kwa muda watu wasilisogelee. Kisha akatoa faili.

"Hii sahihi ni yako, mzee wangu?"

"Ni yangu."

"Hapa umekiri mbele ya mashahidi kwamba kitu hiki si cha mwanao."

Clavery alikuwa mzee wa kanisa la kigango, mtu ambaye watu humwita kusuluhisha mipaka ya vibanja kwa sababu neno lake halina kona. Alitazama mikono yake. "Nilisema uongo," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza mkewe kumsikia akilisema neno hilo kuhusu nafsi yake. Najibu naye aliinamisha macho, akajifanya anatafuta kalamu. Halafu akaeleza, polepole, mambo yenyewe yalivyo. Kitu kimeandikishwa kwenye daftari la makusanyo, kina namba. Kukitoa kunataka maombi ya ndugu wa karibu, barua ya serikali ya kijiji, na cheti cha kifo. Tena wasichelewe, maana mwisho wa Mei kipindi cha masika kinafungwa, na onyesho la mamba linapelekwa Mwanza, kisha Dodoma, kisha Dar es Salaam, na kutoka huko yeye hana mamlaka nalo tena.

Annastella aliuliza kama mtu hawezi kuangalia tu mfuniko na bizimu akaona. Najibu akasema ameona.

"Mimi nawaamini, mama. Nawaamini kabisa. Lakini imani yangu haina muhuri."

Akawapa fomu. Clavery aliijaza kwa mwandiko wake mzuri: jina, kijiji, kata, namba ya simu. Akafika mahali palipoandikwa Uhusiano na marehemu. Kalamu ikasimama. Nje watoto walikuwa wanaigiza sauti za vyura, mwongoza wageni anawahesabia moja, mbili, tatu. Annastella hakumwangalia mumewe usoni, aliiangalia kalamu. Clavery akaandika, Baba.

Ndivyo Avit alivyokufa mkononi mwa baba yake, kwenye fomu, saa tano na nusu asubuhi, siku ya kazi. Wakati wa kuondoka Najibu aliwasindikiza hadi mlangoni, na kwa kuwa alitaka kuwapa kitu na hakuwa na kitu, aliwapa tiketi mbili za bure za kipindi cha vyura. Clavery alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

*

Mtendaji wa kijiji aliwasikiliza, akawapa pole za kweli, akasema barua ataandika sasa hivi, ila cheti si kazi yake, na huko wanakotoa watauliza ushahidi wa kifo. Je, kuna maiti? Hakuna. Kuna mtu aliyeshuhudia? Hakuna. Kuna kaburi? Hakuna. Basi kuna kitu chochote?

"Kipo makumbusho," Clavery alisema.

"Basi kileteni."

"Hawakitoi bila cheti."

Mtendaji alikuna kichwa. Alikuwa kijana mwenye akili na aliliona lile duara kama wao walivyoliona, lakini kuliona duara si kulikata. Akawaandikia barua ya kwenda kata. Kata wakaandika ya kwenda wilayani. Wilayani Clavery alikaa kwenye benchi siku mbili, mara ya pili akaambiwa mambo ya mtu aliyepotea bila maiti yanapelekwa mahakamani na yanataka miaka ipite. Karani aliuliza kwa nini hakusema mapema, wakati kumbukumbu zilikuwa bado mbichi. Kwenye benchi walikuwapo watu wengine sita. Clavery akasema, nilikosea. Karani akamwambia azungumze kwa sauti, hapo dirishani hapasikiki. Akarudia kwa sauti.

Mvua ilinyesha Mei nzima. Nyumbani Annastella alimpikia, alimfulia, alimjibu akiulizwa. Sufuria ndogo ilikaa pembeni ya mafiga, tupu, imefunikwa. Hakuitia chakula tena wala hakuiondoa. Kila asubuhi Clavery aliiona, na mara moja, kwa mazoea tu, mkono wake ulikwenda ukagusa kishikio, akaurudisha kama aliyegusa moto.

Wiki ya kwanza ya Juni alipiga simu Bukoba. Najibu alimtambua kwa sauti, akamsalimu kwa heshima. Kabati limeshafungashwa, alisema, lori liliondoka Jumatatu. Lakini hakusahau. Alikuwa amekibadilisha kile kikaratasi yeye mwenyewe kabla halijaondoka. Clavery akauliza sasa kinasemaje.

"Mwenyewe, inadaiwa ni kijana wa Muleba."

"Jina?"

"Jina, mzee wangu, lingetaka cheti."

Clavery alishukuru. Alirudisha simu mfukoni, akakaa pale pale kibanjani, chini ya mti wa kahawa, mpaka mvua ikaanza tena.

*

Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa kaka yake, Ishengoma, mkubwa wa ukoo wao, ambaye tangu Septemba alikuwa amemsihi na kumgombeza akubali yaishe. Clavery alipofika alikataa kukaa. Alisema, "Kaka, tangazeni msiba." Ishengoma alimtazama mdogo wake, akaingia ndani kuchukua koti. Hakusema si nilikuambia, na kwa hilo namheshimu.

Kesho yake hakuna aliyeshika jembe Kagoma. Nyasi zilitandazwa, watu wakaja kwa vikundi, wanaume na kuni, wanawake na ndizi, na sasa kila mtu alijua la kusema. Poleni. Poleni sana. Neno dogo hilo, na Annastella alilingojea tangu Agosti. Alilipokea kwa kila mkono uliomfikia kama mtu anayepokea maji.

Mgomba aliuchagua Clavery mwenyewe. Alipita ile mikubwa akasimama kwenye mmoja wa wastani ulioota upande wa bonde. Avit ndiye aliyeupanda, mwaka alioacha shule. Aliukata mwenyewe kwa panga, mara mbili tu, akaulaza, akausafisha majani, akaukata kadiri ya kimo cha kijana. Wajomba wakaja na sanda. Katekista alisimama pembeni na kitabu chake, maana padri alisema misa ataisoma Jumapili lakini mgomba hauziki. Na hapo nani angebishana na nani? Kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na la babu yao.

Kabla ya kufunga sanda Annastella alitoka ndani. Wanawake waliokuwa wamemshika mabega wakamwachia. Alikuwa ameushika ule mfuniko, na mkono wa pili plaizi ya mumewe, ile ile aliyofanyia kazi siku zote. Alimpa vyote viwili.

"Kitoe," alisema.

Clavery alipiga magoti kwenye matope. Pete alizoziviringisha mwenyewe zilikuwa zimeshika kutu, plaizi ikateleza mara mbili, mara ya pili ikamchubua kidole. Watu wote walisimama wakimngoja. Pete ya kwanza ikafunguka. Ya pili. Ya tatu ilikatika. Alitoa kile kipande cha spoki, akakipangusa kwa shati, akakiweka juu ya mgomba, katikati, mahali ambapo mtu hufunga mkanda. Wajomba wakafunga sanda.

Ndipo Annastella alipolia. Alianza chini, kama mtu anayekohoa, halafu sauti ikapanda, ikaita jina kwa lugha ya kwao, Avit, Avit wange, Avit, ikapita migomba na barabara na shule, na Dativa, ambaye alikuwa amejikaza tangu siku ya daftari, akamshika mama yake kiunoni akalia naye. Wanawake wakaitikia. Sauti ile ilikuwa na miezi kumi ndani yake na haikutaka kwisha. Clavery alisogea, akanyoosha mkono amshike. Annastella hakumsukuma. Alisogea tu kidogo, upande wa Dativa, na mkono wa mumewe ukabaki hewani mbele za watu mpaka Ishengoma alipoushika yeye.

*

Watu wakakaa siku zao, wakaondoka. Nyasi zikatolewa nje. Misa ikasomwa, na padri akalitaja jina bila kumuuliza mtu swali.

Siku ya kwanza ya kurudi shambani Clavery aliamka mapema kama kawaida yake. Mvua ilikuwa imeacha, kiangazi kinaingia, na baridi ya asubuhi ilikuwa imekaa kibanjani. Annastella alikuwa amekwisha kwenda kuteka maji. Clavery aliingia jikoni, na bila kufikiri, miguu ilimpeleka pembeni ya mafiga.

Sufuria ndogo ilikuwa imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa, imefudikizwa juu ya kichanja pamoja na vyombo vingine. Mfuniko ulikuwa kando yake, una matundu mawili mahali palipokuwa na kishikio. Alipokuwa anautazama, Annastella aliingia na ndoo kichwani, akaitua. Clavery alisema kuna spoki nyingine kwenye ile baiskeli, anaweza kuutengeneza leo jioni, si kazi kubwa.

"Uache hivyo hivyo," Annastella alisema. "Nitakuwa naushika kwa jani."

Akachochea moto kwa ajili ya uji wa Dativa. Clavery alingoja kidogo, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Halafu akachukua panga ukutani, akaenda shambani bila kula.